Vyumba vya Mdogo Wangu, Jiko Langu

Mgeni anayeshuka gatini kwetu ana maswali mawili tu: atalala wapi na atakula wapi. Mama yetu alikuwa na nyumba moja iliyoyajibu yote mawili. Mbele kulikuwa na vyumba vinavyotazama bahari, nyuma kulikuwa na jiko kubwa na meza chini ya paa la makuti. Alipoona siku zake zinakwisha alituita wote wawili akatugawia. Mdogo wangu wa kiume akapewa vyumba, mimi nikapewa jiko. Alifikiri kwa namna hiyo hatutaachana kamwe, maana hakuna atakayeweza kumhudumia mgeni bila mwenzake. Mama alijua mengi, lakini watoto wake hakuwajua.

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Yeye alipokea mizigo, akatandika mashuka, akaniletea watu mezani wakiwa na njaa. Mimi nilikaanga, nikapakua, nikawarudisha kwake wameshiba. Kisha akaoa. Simsingizii wifi yangu, lakini siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta jiko la mkaa uani kwao, na yeye anageuza kuku kwa koleo, uso mkavu kabisa.

"Wageni wanalalamika kwamba kwako chakula kinachelewa," mdogo wangu aliniambia.

"Wanalalamika wao au analalamika mkeo?"

"Dada, usianze."

Nilianza. Wiki hiyohiyo nilinunua magodoro, nikasafisha stoo ya unga, nikatundika vyandarua, halafu nikaenda gatini mwenyewe. Wa kwanza kuwanasa walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe. Niliwaambia vyumba vya kule mbele vina kunguni. Havikuwa na kunguni, lakini mdogo wangu ndiye aliyenitilia mchanga kitumbua changu.

Basi ikawa hivyo. Alinikatia bomba la maji. Nikamwaga maji ya kuoshea samaki kwenye mashuka aliyoanika. Akamtandika mbeba mizigo wangu pale gatini mpaka jino likatoka. Nikamfuata barazani kwake na mchi, nikavunja kioo cha mapokezi mbele ya bibi harusi aliyekuwa anasubiri ufunguo wake. Ikafika mahali watu wanashuka kwenye boti, wanatuona tumesimama huku na huku tumetoleana macho, wanamwomba nahodha awarudishe walikotoka.

Mimi nilikuwa napigania lile jiko tu. Sina mume, sina mtoto, shule niliiacha mapema, na mikono yangu inajua kazi moja. Jiko likifa sina mbele wala nyuma. Mdogo wangu alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Siku yenyewe ilikuja familia moja, baba, mama, watoto na bibi yao. Walijigawa wenyewe bila ubaya wowote. Mizigo waliiweka kwa mdogo wangu, lakini bibi alisikia harufu ya pweza wangu akagoma kwenda hatua nyingine, wote wakakaa mezani kwangu. Yaani walifanya sawasawa na alivyotaka mama. Nilikuwa nimeweka karai la mafuta motoni kwa ajili ya chipsi za watoto, na nakiri nilisikia raha. Ndipo mdogo wangu akaingia na nondo.

Alianza na rafu ya sahani. Aliifagia yote kwa pigo moja, kisha akageukia masufuria, akayapiga mpaka yakabonyea, wali ukamwagika sakafuni.

"Wanaolala kwangu wanakula kwangu!"

"Toka jikoni kwa mama!"

"Mama amekufa!"

Nilimpiga kwanza mimi. Nilimpiga mdomoni kwa mwiko wa chuma, mdomo ukapasuka, nikampiga tena palepale. Ningeendelea mpaka kesho, nilikuwa nataka aanguke. Wifi akanidaka nywele kwa nyuma akanivuta, nami nikamng'ata mkono mpaka nikasikia chumvi ya damu ulimini. Kule mezani watoto walikuwa wanapiga mayowe na baba yao ameinua kiti kujikinga, ingawa hakuna aliyekuwa na habari naye. Mdogo wangu akatupa nondo. Akanikamata kifundo cha mkono wa kulia.

"Mkono huu!" alipiga kelele, mate na damu vinamtoka. "Si ndio huu unaokupa kiburi?"

Akauzamisha kwenye karai.

Maumivu hayakuja mara moja. Kilichotangulia ni harufu, na nilipojua ni harufu yangu mwenyewe, nikajivuta kwa nguvu zote.

Aliniachia. Alitazama alichokifanya, uso wote ukabadilika, akaanza kulia kwa sauti kubwa. "Dada! Dada yangu! Nimefanya nini mimi?" Akaninyanyua akakimbia na mimi ufukweni, tukawapita watu waliolala kwenye viti vya jua, mpaka zahanati. Njia nzima alikuwa anaongea. Atalivunja jiko la uani leo hii. Ataninunulia masufuria mapya. Wageni wote atawaleta kwangu, wote, hata mmoja hatampikia. Damu ya mdomo wake ilinidondokea shingoni.

Nesi alinikatia mkono wa gauni kwa mkasi. "Mlaze, mvue viatu," alimwambia mdogo wangu, kisha akainama kunitazama. "Mama, nani kakufanyia hivi?"

"Ni mafuta, nesi," mdogo wangu aliwahi kujibu. "Ajali za jikoni tu. Karai liliteleza."

Akanitazama. Nilimwelewa vizuri alichokuwa anakiomba. Nilikuwa nampenda, hata pale nilikuwa nampenda, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikajaribu kuvikunja vidole vyangu, visikunjike hata kimoja.

"Ni huyu aliyenibeba," nikasema.

Nesi aliweka mkasi mezani. Alitoka kwenda kumwita askari, mlango akauacha wazi, na ufukwe mzima ulikuwa mbele ya mdogo wangu kama angetaka kukimbia. Alipiga magoti, akaendelea kunivua kiatu cha pili.