Maneno Matano ya Redio Meridiani

Simu ya mhandisi Oswald ilimkuta Asia Dadi kwenye chumba cha walimu, shuleni Gungu, akisahihisha mitihani ya fizikia ya kidato cha tatu. Oswald alikuwa Mtanzania aliyeajiriwa ng'ambo na Redio Meridiani, kituo kinachorusha habari kwa Kiswahili kila jioni kwa masafa mafupi. Kwa miaka kadhaa Asia, mwenyekiti wa Klabu ya Wasikilizaji ya Ujiji, alikuwa akimtumia ripoti za usikivu: sauti ina nguvu kiasi gani, inayumba vipi, kuna mikwaruzo gani. Hawakuwahi kuonana, lakini waliheshimiana.

"Mwalimu, nitasema wazi," Oswald alisema. "Wakubwa wangu wanataka kuufunga mtambo unaorusha upande wenu. Wanasema mwambao wa Ziwa Tanganyika hakuna anayetusikia."

"Ripoti zangu za Mwamgongo unazo."

"Ndizo zilizoleta matatizo. Wewe unaandika kwamba Mwamgongo tunasikika safi. Mwezi uliopita tulimtuma mtu wetu kimyakimya, akakaa huko siku tatu na redio nzuri. Hakusikia hata neno moja. Sasa hapa kuna watu wanasema klabu yenu inasikiliza kwenye intaneti, halafu inaandika kwamba ni masafa mafupi."

Asia aliweka kalamu chini. "Wanasema sisi ni waongo."

"Mimi sisemi. Nimewaomba jaribio moja. Alhamisi, baada ya habari ya saa kumi na mbili jioni, nitasoma maneno matano mara mbili. Kwenye intaneti hayatakuwapo, yatapita kwenye mtambo huo tu. Nitumie maneno hayo kutoka Mwamgongo jioni hiyohiyo. Yakiwa sahihi yote, mtambo unabaki kwenye ratiba. Likikosekana moja, unazimwa."

"Nitakuwa Mwamgongo Jumatano," Asia alisema.

Mwamgongo iko kaskazini ya Gombe, na safu ya milima imekiegemea kijiji kwa nyuma. Milima hiyo huzuia mawimbi ya FM, na mtandao wa simu hupatikana juu ya mwamba mmoja tu karibu na kanisa, tena si kila saa. Mawimbi ya masafa mafupi hayajali milima. Hupanda, hugonga tabaka la juu la anga, kisha hurudi ardhini. Kwa sababu hiyo wavuvi na wauza dagaa wa huko waliitegemea Redio Meridiani kwa habari za Burundi, za Kongo na za nchi yao wenyewe.

Jumatano mchana boti ya kutoka Kibirizi ilimshusha Asia ufukweni. Frida, mwanachama wa klabu na mwanikaji dagaa, alimpokea begi.

"Karibu mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Redio ikoje?"

"Ipo. Waya nimeuvuta upya, kutoka nyumbani mpaka kwenye chanja za dagaa."

Asia aliukagua waya huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuwa umekatika mahali popote. Ilipofika saa kumi na mbili jioni walifungua redio mbele ya nyumba ya Frida. Kilichotoka kilikuwa mngurumo mzito usio na pumzi, kama mashine ya kusaga. Nyuma yake, kwa mbali sana, palikuwa na kitu ambacho huenda kilikuwa sauti ya mtu.

"Hivi ndivyo alivyosikia yule mtu wao," Asia alisema.

"Ego, ndivyo," Frida aliitikia, uso umemshuka. "Lakini mwalimu, ripoti nilizokupa si za uongo. Wiki ya mbalamwezi tunasikia kila neno, uwanja wote huu unajaa watu. Wazee wanasema mwezi ndio unaovuta sauti."

"Mwezi hauvuti sauti."

"Mimi nakwambia wanavyosema."

"Na ripoti zako zote uliziandika wiki za mbalamwezi?"

Frida alifikiri. "Zote. Wiki za giza nani ana nafasi? Jioni wanaume wanaandaa mitumbwi, asubuhi sisi tunaanika. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala nyumbani, basi ndipo tunakaa na redio."

Hapo Asia alipata alichokuwa akikikosa. Mtu wa Oswald alikuja wiki ya giza. Frida aliandika wiki za mbalamwezi. Wote wawili walisema kweli. Mwezi hauwezi kubadilisha mawimbi kiasi hicho, basi kinachobadilika ni kitu kinachofanywa na watu pale kijijini, wakati wavuvi wanapokwenda ziwani.

Alichukua redio yake ndogo ya mkononi, akairefusha antena yake, akaanza kutembea. Kuelekea kanisani mngurumo ulipungua. Kuelekea ufukweni ulikua. Aliufuata kama mtu anayefuata harufu ya kitu kinachoungua, Frida na umati mdogo nyuma yake, mpaka redio ilipopiga kelele isiyovumilika mbele ya kibanda cha Elikana.

Elikana ndiye aliyechajia kijiji kizima betri za taa za kuvulia, kazi ya wiki za giza. Juu ya bati alikuwa na paneli za sola. Ndani palikuwa na betri kubwa, inveta iliyogeuza umeme wake, na chaja zilizopangwa ukutani.

"Mwalimu, umekuja kunipigia kelele dukani kwangu?" alisema.

"Kelele ni zako. Mimi nimezirudisha kwa mwenyewe."

Watu walicheka. Elikana hakucheka. "Mashine zangu ziko kimya. Sikiliza. Unasikia nini?"

"Sikio halisikii, redio inasikia. Naomba uchomoe chaja moja moja."

Alizichomoa, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Mngurumo haukubadilika, na Elikana akaanza kutabasamu. Asia akamwomba azime inveta. Alipoizima, redio ilinyamaza ghafla, ikabaki na mikwaruzo ya kawaida ya angani. Alipoiwasha, mngurumo ulirudi.

"Hii," Asia alisema, "ndiyo mwezi wenu."

Vicheko vilivuma mpaka kwenye maji. Lakini alipoomba inveta izimwe kesho yake saa kumi na mbili jioni, kwa nusu saa, vicheko vilikatika.

"Saa hiyo ndiyo wananidai betri," Elikana alisema. "Nikizima, hawa watanila mzima."

Aliyejibu alikuwa Leodgar, nahodha ambaye manahodha wengine walizoea kumsikiliza. "Tutakula na mifupa. Mwalimu, betri ikienda nusu, taa inafifia kabla ya alfajiri. Taa ikififia, dagaa wanazama. Utawaelezea watoto wangu fizikia?"

"Leteni betri mapema," Asia alisema. "Jua la hapa linawaka tangu asubuhi, lakini nyinyi mnamletea Elikana betri alasiri. Nimeziona zimelala kwenye mitumbwi mchana wote."

"Mchana tunalala."

"Betri hazilali. Mpe mtu azibebe."

Leodgar aliwageukia wenzake. Kisha akamrudia Asia. "Na mngurumo usipoisha? Tumezima, tumechelewa, na redio yako bado inaunguruma?"

"Nitasimama hapa nitangaze kwamba Elikana hana kosa na mimi sijui ninachokifundisha."

"Oya, hiyo ndogo. Utaingia kwenye mtumbwi wangu uvute wavu mpaka asubuhi."

"Nakubali. Na ukiisha, inveta itazimwa kila siku wakati wa habari, wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi."

"Vaa nguo za kulowana," Leodgar alisema, wakapeana mikono.

Alhamisi betri zilifika kwa Elikana tangu asubuhi, kwenye mabega na kwenye mikokoteni, huku wabebaji wakimtania kwamba leo anafanya kazi kama mtumishi wa serikali. Jioni uwanja wa Frida ulijaa kama wiki ya mbalamwezi. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo. Manahodha walisimama pembeni, wamekunja mikono, wakingoja kumwona mwalimu akivuta wavu.

Kabla ya taarifa kuanza, Elikana alizima inveta mbele ya macho ya watu. Asia alifungua redio.

Mngurumo mzito ulikatika, lakini kelele hazikuisha. Badala yake kulikuwa na mlio mwembamba, mkali, uliopanda na kushuka. Msomaji wa habari alisikika nyuma yake kama mtu anayezungumza na mdomo umejaa ugali.

"Mwalimu, wavu unakungoja!" mtu alipaza sauti.

Elikana alinyoosha mikono. "Mmeona? Mmenizimia kazi bure."

Frida alimtazama Asia. Asia hakumtazama mtu. Mlio huu haukuwa ule wa jana. Wa jana ulikuwa mmoja usiobadilika, sasa ilikuwa mingi iliyochanganyika, na kila baada ya muda mfupi mmoja ulikatika na mwingine ukaanza. Kuna vitu vilikuwa vinawashwa na kuzimwa. Alichukua redio ya mkononi, akatoka uwanjani karibu akimbie, akielekea mitumbwini. Nyuma yake, kwenye redio kubwa, habari zilifika mwisho, na sauti ya Oswald ikaanza kusema jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Maneno yalikuwa yanasomwa mara ya kwanza, na yalipotea yote.

Ufukweni mabaharia walikuwa wanafanya wanachofanya kila jioni ya giza kabla ya kuondoka: kujaribu taa, leo mapema zaidi kwa kuwa betri zilikuwa zimeshajaa. Moja baada ya nyingine, taa za LED ziliwashwa, zikaangaliwa, zikazimwa. Redio ya mkononi ilipiga mlio kwa kila iliyowaka. Mlio mkubwa kuliko yote ulitoka kwenye mtumbwi wenye ubao uliopakwa rangi ya kijani.

"Huu ni wa nani?" Asia aliuliza.

Baharia mmoja alicheka kwa aibu. "Wa Leodgar."

Leodgar alikuwa amemfuata, tayari kumkabidhi wavu. Alisikia swali, akasikia na jibu. Asia aliinua redio mbele yake. Taa ikawashwa, redio ikalia. Taa ikazimwa, redio ikanyamaza. Nahodha hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliweka mikono mdomoni.

"Zimeni taa! Taa zote! Nani huyo bado anawasha? Zima, au nitakuzima wewe!"

Ufukwe wote ulibaki bila taa hata moja, jua likiwa bado linawaka. Mlio ulikatika katika mitumbwi yote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefunga milango ya nyumba ndefu. Kisha kutoka uwanjani, juu ya vichwa vya watu na chanja za dagaa, ikaja sauti ya mtu mmoja, safi, ya karibu, kama amesimama nyuma ya ukuta:

"Narudia kwa wasikilizaji wa mwambao wa Tanganyika. Kiberiti. Barafu. Shoka. Mnazi. Pazia."

Watu waliyasema pamoja naye. Waliokuwa uwanjani waliyasema, wa ufukweni wakayadaka, na baharia ambaye taa yake ilikuwa ya mwisho kuzimwa aliyarudia kwa sauti kubwa kama anaitwa darasani. Asia aliyaandika kwenye simu, akawauliza Frida na Elikana kila mmoja kwa wakati wake walichosikia, akalinganisha. Yalilingana.

Alipanda kwenye mwamba wa karibu na kanisa. Mtandao ulikuja, ukaondoka, ukarudi. Ujumbe wake kwa Oswald ulikuwa na maneno matano na maelezo: usomaji wa kwanza haukusikika kabisa kwa sababu ya mwingiliano wa taa za uvuvi, usomaji wa pili ulisikika kikamilifu baada ya taa na inveta kuzimwa, mtu wenu alikuja wiki ya giza, ripoti zetu ni za wiki ya mbalamwezi, hakuna aliyesema uongo. Hakupunguza chochote wala hakuongeza.

Simu iliita kabla hajashuka.

"Yote matano," Oswald alisema. Alikuwa anacheka. "Mwalimu, ungeniandikia hata usomaji wa kwanza ulisikika, nani angejua?"

"Mimi. Mtambo unabaki?"

"Unabaki. Nimewasomea ujumbe wako kama ulivyo. Yule aliyesema mnadanganya aliomba niirudie ile sehemu ya wiki ya mbalamwezi, halafu akasema anafuta aliyoyasema. Ameniambia nikuombe radhi kwa jina lake."

"Mwambie nimepokea. Na mwambie atume mtu tena, wiki yoyote anayotaka."

Alishuka. Watu hawakuwa wameondoka, hata mabaharia, ingawa giza lilikuwa linaingia na mitumbwi ilipaswa kuwa ziwani. Alisimama kwenye uwanja wa Frida, akasema kwa sauti ileile anayofundishia:

"Maneno yote ni sahihi. Mtambo hauzimwi."

Kelele zilizopigwa hapo zingezuia mawimbi ya kituo chochote. Frida alimkumbatia, jambo ambalo Asia alilivumilia. Wanawake wa dagaa walipiga vigelegele. Elikana, ambaye jioni yote alikuwa mshtakiwa, sasa alikuwa anamweleza kila aliyepita kwamba ni inveta yake iliyogundua ukweli.

Leodgar alikuja mbele, kofia mkononi.

"Mwalimu, nakiri. Wavu nitauvuta mwenyewe."

"Na inveta?"

"Itazimwa kila siku, kama tulivyopatana." Aligeuka ufukweni, akapaza sauti mpaka mtumbwi wa mwisho ukasikia. "Kuanzia kesho, taa tunajaribu kabla ya saa kumi na mbili! Atakayewasha wakati wa habari atanitambua!"

"Na ukiwasha wewe?" mtu alimuuliza kutoka gizani.

"Nitavuta wavu wa kijiji kizima!"

Waliisukuma mitumbwi majini huku wakicheka. Kwenye ule wa kijani mtu alianza kupiga makasia kwa mdundo wa maneno matano, kiberiti, barafu, shoka, mnazi, pazia, na mitumbwi mingine ikaudaka mdundo huo, mpaka taa zao zilipowaka mbali ziwani, moja baada ya nyingine, mahali ambapo hazikumzuia mtu yeyote kusikia.