Mablanketi Yanamngoja Mgeni

Ukitaka kujua watu wa mji wameficha nini ndani ya masanduku yao, waambie watoe nguo za msaada. Kikundi cha akina mama cha Tumaini, pale Itigi, kilitangaza kanisani na msikitini kwamba kinakusanya nguo na vifaa kwa ajili ya watu wanaolala nje, na haikupita wiki chumba cha uani cha Emiliana kikajaa. Zikaja suruali zisizo na zipu. Vikaja viatu vya mguu wa kushoto, vya kulia Mungu ndiye anayejua viliko. Likaja gauni la msimamizi wa harusi, la zambarau, lenye ua kifuani kubwa kama kichwa cha mtoto, na mama aliyelileta akasisitiza kwamba alilivaa mara moja tu. Emiliana anauza mitumba sokoni, nguo anaijua kwa kuigusa. Alikaa katikati ya lile rundo, akatukana kimoyomoyo, kisha akaanza kuchagua. Kutoa ni moyo, lakini wapo wanaotoa ili kabati lipate nafasi.

Hakukata tamaa, maana wazo lilikuwa lake mwenyewe. Lilimjia mwezi wa tano, upepo ulipoanza kukata, alipomwona bibi mmoja akiokota viroba vitupu nyuma ya meza yake. Alidhani ni vya kutilia mkaa. Bibi akamwambia hapana, ni vya kujifunika.

Jina lake Kristina. Alitoka upande wa Rungwa, ambako marehemu mumewe alikuwa mfuga nyuki. Mume alipofariki, shemeji zake waliuza shamba na mizinga, wakamkabidhi nauli kwa heshima zote, utadhani wanamgawia urithi. Alifika Itigi ili apande treni aende kwa mwanawe Tabora. Mwanawe akamwambia, kwenye simu ya kuazima, asubiri kidogo kwanza. Hiyo kidogo ilishakuwa miaka.

Alikuwa akilala kwenye ghala bovu nyuma ya soko, lililoachwa na chama cha wafuga nyuki kilichokufa zamani. Ndani kulibaki mizinga mikuukuu ya magogo. Bibi aliipanga mmoja juu ya mwingine mpaka ikawa ukuta wa kuzuia upepo, naye akawa analala nyuma yake, mahali panaponuka nta. Siku moja alimchukua Emiliana akamwonyesha, kwa siri na kwa fahari kidogo. Akamwambia pale hapajui mtu, hata mgambo hawapajui, na mvua haimpati.

"Nikipata blanketi moja tu, mwanangu, nitakuwa nimemaliza shida zangu."

Emiliana akamwahidi kwamba mwezi wa sita hautaisha kabla hajalipata. Alisema kwa moyo mmoja. Jioni ile ile akaenda kuongea na Mama Redempta, mwenyekiti wa kikundi, na mambo yakaanza.

Mama Redempta ni mke wa mwenye duka la jumla, na simu yake ina namba za watu wenye uwezo. Alimpigia Raymond, mzaliwa wa hapo hapo Itigi aliyetajirikia Dodoma kwa kuuza vifaa vya ujenzi. Raymond hakusita. Alituma belo zima la mablanketi mekundu, mazito, yale ambayo ukijifunika unasahau kama kuna upepo duniani. Akatuma na sharti moja: yasigawiwe mpaka yeye mwenyewe afike ayakabidhi kwa mkono wake. Basi akawa mgeni rasmi.

Na mgeni rasmi akishapatikana, shughuli haibaki kuwa ile mliyoianza. Ikatafutwa turubai, vikatafutwa viti vya kukodi, zikachapishwa fulana. Ikaundwa kamati ya chakula na kamati ya mapokezi, na kamati ya mapokezi ikagombana kuhusu nani atamvisha mgeni shada la maua. Watu wanaolala nje hawakuundiwa kamati. Mgeni akapanga Jumamosi moja, akaahirisha kwa sababu ya safari. Akapanga nyingine, akaahirisha kwa sababu ya harusi. Mwezi wa sita ukaisha. Mablanketi yakakaa stoo kwa Mama Redempta chini ya kufuli, na huko nje baridi ikaendelea na kazi yake, maana baridi haimsubiri mgeni rasmi.

Emiliana alikwenda kuomba blanketi moja tu la bibi, mengine yasubiri. Mama Redempta hakuwa mtu mbaya, na alimjibu kwa upole.

"Haraka haraka haina baraka, Mama Noel. Tukianza kutoa mojamoja, mgeni atakuja kukabidhi nini? Huyo bibi amevumilia miaka yote hiyo, wiki mbili zitamshinda?"

Emiliana akarudi mikono mitupu. Angeweza kununua blanketi kwa pesa yake, kama alivyonunua shada la mgeni. Angeweza kuzihamishia sebuleni zile nguo za msaada, akamlaza bibi kwenye kile chumba cha uani. Katika mikutano yote ya kikundi, chai na maandazi juu ya meza, hakuna aliyewahi kusema aje kwangu, na Emiliana naye hakusema. Tuseme ukweli, naye alikuwa anaingoja ile siku. Aliambiwa yeye ndiye atakayesoma risala, na alishaanza kuifanyia mazoezi mbele ya kioo. Alimpelekea bibi sweta la mtumba, akamwambia avumilie kidogo. Bibi akalivaa pale pale, akamshukuru mpaka Emiliana akaona haya.

Mgeni alipothibitisha siku kwa mara ya tatu, Stefano, mkuu wa mgambo wa soko, akaja kwenye meza ya Emiliana. Alikuja kistaarabu, akaulizia watoto na biashara, kisha akasema amesikia habari za ugawaji na angependa kuonyeshwa wale watu wanalala wapi hasa, ili siku hiyo asisahaulike hata mmoja. Emiliana alifurahi kweli. Alijisemea kumbe hata mgambo wana moyo. Akamwachia jirani meza, akamzungusha Stefano mji mzima: kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, kwenye vibanda vya wauza nyanya, mbele ya maduka ya njia ya stesheni. Kila alipofika alimtaja mtu na shida yake.

Kwenye mlango wa ghala alisita. Alikumbuka kwamba pale hapajui mtu. Halafu akajiambia kwamba kumficha bibi ni kumnyima haki yake, akausukuma mlango.

Bibi Kristina alikuwa amekaa anachambua mchicha. Emiliana akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumwangalia. Macho yake yalikuwa kwa Stefano, yalianzia kwenye buti yakapanda mpaka kwenye kofia.

"Huyu ni nani?"

"Ni mwenzetu, bibi. Anatuandalia mambo ya Jumamosi."

Bibi akarudi kwenye mchicha wake. Stefano akasifu jinsi mizinga ilivyopangwa, wakatoka.

Jumamosi Emiliana alifika sokoni amevaa fulana mpya, risala mkononi, akakuta soko limefagiliwa kuliko sikukuu zote. Mawe ya kando ya njia yamepakwa chokaa. Kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga hapakuwa na mtu, wala kwenye vibanda vya nyanya. Alikimbia mpaka kwenye ghala. Mlango ulikuwa umepigiliwa mbao kwa misumari, na mizinga ya bibi ilikuwa imetupwa nje, mingine watu wameshaichukua kwa kuni.

Mama mmoja muuza nyanya ndiye aliyemweleza. Tipa lilikuja alfajiri, na mgambo wakawafuata wale watu mmoja mmoja hadi kila anapolala, bila kumtafuta hata mmoja. Wakapakiwa wote, wakapelekwa njia ya Rungwa, wakashushwa huko kwenye vichaka. Bibi mmoja alikataa kupanda, wakambeba.

Emiliana alimkuta Stefano uwanjani akipanga viti. Hata hakukana.

"Mgeni anakuja, Mama Noel. Kamati ya soko imesema mji uwe safi."

"Lakini mgeni anakuja kwa ajili ya hao hao."

"Anakuja kutoa," Stefano akasema, bila ubaya wowote. "Hakusema anakuja kuwaangalia wanavyolala."

Akaendelea kupanga viti. Emiliana alitamani kumrarua uso, na alitamani zaidi kujirarua wake, maana yeye ndiye aliyewataja wote kwa majina.

Mama Redempta alipopata habari alikaa chini, akashika tama. Wala hakuwa anaigiza, ilimgusa. Kisha simu ikalia, ikasema mgeni ameshaipita Manyoni, akasimama. Akaamuru kila mwanakikundi akimbie nyumbani alete watu wawili, wazee kwanza, waje pekupeku, na asithubutu mtu kuja na kitenge kipya. Yeye mwenyewe alimleta mama yake mzazi, anayekaa kwenye nyumba ya vigae, akamvua hereni njiani. Mtu mmoja akasema mgeni njoo mwenyeji apone, wakacheka wote, kwa sababu kwa kweli blanketi lilikuwa zuri na nani hapendi cha bure.

Emiliana alisoma risala. Alisoma kuhusu ndugu zetu waliosahaulika, kuhusu mkono wa upendo, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote. Angeweza kuitupa ile karatasi akasema kilichotokea. Badala yake alisoma mpaka kwenye ombi la mwisho, akapigiwa makofi, akakaa.

Raymond akagawa. Alipofika kwa mama yake Mama Redempta aliinama, akamwuliza kwa huruma amelala nje tangu lini. Bibi yule hakuwa amefundishwa jibu.

"Tangu ujana, mwanangu."

Watu wakauma midomo. Raymond akatoa kitambaa akajifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, si ya kamera. Akaahidi mwakani ataleta na magodoro. Akala pilau, akapewa ndoo ya asali, akaondoka na vumbi lake.

Emiliana akamfuata Mama Redempta, akamwambia wale watu wako porini na kikundi kitafute gari kiwarudishe. Mama Redempta alikuwa anahesabu viti vya kukodi. Alisema wangekuwa na shida kweli wangesharudi kwa miguu, msaada si walijua uko wapi? Akasema sweta walipewa, sabuni walipewa, na hata mmoja hajaja kusema asante, lakini shukrani ya punda ni mateke. Mezani lilibaki blanketi moja. Emiliana akalichukua, na hakuna aliyemwuliza.

Alimkodi Paskali wa bodaboda, wakaenda njia ya Rungwa wakiulizauliza. Wachoma mkaa wakawaambia wengi wameshaanza kurudi kwa miguu, ila kuna mmama mtu mzima alishika kinjia cha kushoto. Emiliana akamwacha Paskali barabarani, akaingia vichakani peke yake, miiba ikimvuta fulana.

Alimkuta kwenye kibanda kilichoachwa na wachoma mkaa, nusu ya paa haipo. Bibi Kristina alikuwa amekaa mlangoni, amenyoosha miguu iliyovimba. Amevaa lile sweta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Emiliana akapiga magoti, akalia, akasema hakujua, akasema alidanganywa. Yote yalikuwa kweli, na hayakuwa na faida yoyote mahali pale. Alimpa blanketi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, au blanketi lirushwe. Bibi alilipokea, akalipapasa unene wake, akajifunika magoti. Ilikuwa baridi.

Emiliana akamwambia wainuke waende, atakaa kwake, kuna chumba uani. Aliyasema mbiombio, na kadiri alivyoyasema ndivyo alivyosikia jinsi yalivyochelewa. Bibi akamwuliza kwake ni wapi. Akajibu ni karibu na soko.

"Mgeni wenu ameondoka leo. Kesho atakuja mwingine," bibi akasema. Hakusema kwa hasira, alisema kwa uchovu. "Mwanangu, kabla hamjanikumbuka nilikuwa na pa kulala."

Bibi akalivuta blanketi mpaka mabegani.

"Nakuomba kitu kimoja tu. Ukirudi, usimwonyeshe mtu hapa."

Emiliana akaanza kuapa, kwa jina la Mungu na kwa maisha ya mwanawe Noel. Bibi akamnyamazisha kwa mkono.

"Usiape. Nenda tu."

Akainuka, akaenda. Alipofika kwenye kona ya kinjia aligeuka, akidhani labda bibi atampungia mkono. Bibi Kristina alikuwa ameshasimama kwa ile miguu yake, amelikunja blanketi akalitwika kichwani, anafunga kiroba chake ahame.