Kelele za Nyuma

Mwalimu wa sayansi alikuwa mtu wa nongwa, hasa kwa kelele. Wanafunzi walipoanza kupakia video za kazi zao mtandaoni, kila mmoja kwenye ukurasa wake ili darasa zima litazame na kujadili, hakuvumilia hata mlio wa sufuria.

Msichana mmoja mpole alieleza, akiwa jikoni kwao, jinsi chachu inavyoumua unga. Nyuma yake bibi yake akadakia: "Muongo huyo! Unga nimekanda mimi, yeye kazi yake kula!" Darasa likavunjika mbavu, maoni yakamiminika. Mwalimu akapandwa na hasira, akaandika: "Hii ni shule, si soko. Ondoa hizo kelele za nyuma."

Msichana akafuta, akarekodi upya jikoni pakiwa kimya. Akapata alama zote. Safari hii hakuna aliyechangia neno.

Muhula uliofuata akaja ofisini, mikono nyuma. "Samahani, mwalimu. Ile video ya kwanza bado unayo?"

"Ya nini tena?"

"Bibi amepata kiharusi, hasemi tena. Mama anatamani kumsikia."

Mwalimu aliupekua ukurasa juu chini, akampigia simu hadi fundi wa kompyuta. Wapi! Maji yakimwagika hayazoleki. Ilikuwepo ile ya pili tu, na chini yake maneno yake mwenyewe: "Hongera. Sasa pametulia."