Rundo la Viapo vya Ijumaa

Mie ni mtu wa hasira, na mahakimu wote wa Temeke wanalijua hilo. Lakini Ijumaa nilikuwaga mtu mwingine kabisa. Tangu mwaka tisini na nne, nilipofungua ofisi ya uwakili pale Tandika, chumba kimoja na taipureta ya kuazima, Ijumaa ilikuwa siku ya bure. Wajane, wapangaji waliofungiwa milango, makuli waliofukuzwa kazi bandarini bila hata barua, wote walikaribishwa. Wakaniita Wakili Wetu. Wallahi, nilipenda jina hilo kuliko kushinda kesi.

Foleni ilifika hadi kwa muuza kahawa. Karani wangu Kasimiri aliita majina kwa sauti ya mnadani, akimtania huyu, akimkoromea yule. Wateja wa Kunduchi walileta samaki wa shukrani mpaka mafaili yakanuka. Raha iliyoje! Vijana wa siku hizi wana viyoyozi, mteja hawamjui hata sura.

Kwa kuwa watu walikuwa wengi, tukawa na utaratibu wetu. Hati ya kiapo inataka mtu aape na kusaini mbele ya wakili. Sie hayo tulimwachia Kasimiri. Alikusanya karatasi zilizokwisha sainiwa, akaniwekea rundo mezani, nami nikitoka msikitini nagonga muhuri, pa, pa, pa. Nani angenidanganya, watu wenyewe ni majirani zangu?

Mwezi wa pili mwaka huu akaja Naima, mjane wa Hudhaifa, yule fundi cherehani.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

Akatoa karatasi. Ilikuwa kiapo cha mke, kwamba Naima ameridhia mumewe auze nyumba yao. Hudhaifa aliiuza kimyakimya, akawa anampiga mnunuzi kalenda, leo tunahama, kesho tunahama, mpaka akafariki. Sasa mnunuzi anataka mjane atoke. Saini haikuwa ya Naima. Muhuri ulikuwa wangu.

"Mie nilikuja lini kwako kuapa?" akaniuliza.

Nilimpigia Kasimiri simu nikamfokea hadi koo likakauka. Maskini, alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Bosi, Hudhaifa alisema mkewe anaumwa, nikampa karatasi aende nayo, mkewe akasaini nyumbani. Si tulikuwa tunamjua?"

Ni kweli, tulimjua. Nikakata simu.

Binti yangu Ahlam, naye ni wakili, alinishika mkono. "Baba, mwezi ujao wenzako wanakupa ngao ya utumishi. Ukikiri, unafutwa uwakili. Sema hukumbuki tu. Mzee wa miaka sabini na moja, nani atashangaa?"

"Koma!" nikamwambia. Lakini nisijisafishe hapa. Siku tatu nzima nililifikiria lile neno lake, na lilikuwa tamu.

Siku ya nne nikaenda baraza la ardhi, shahidi wa Naima. Mwenyekiti akaniuliza, "Wakili Azan, mama huyu aliapa mbele yako?"

"Hapana."

"Siku hiyo ulimwona?"

"Sikumwona. Niligonga muhuri tu, kwenye rundo aliloniwekea karani."

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu: ile hati si chochote, nyumba haikuuzwa kihalali, Naima abaki. Barua yangu ya kuitwa kwenye kamati ya nidhamu nilikuwa nimeshaipata. Ngao wakampa mwingine.

Siku ile ya uamuzi, nje ya baraza nilimsubiri Naima. Naona haya kusema, lakini nilisubiri anishukuru. Akaja akirekebisha mtandio, macho mekundu.

"Ahsante, wakili," akasema. Kisha akasimama, akanitazama. "Mie nilipata nguvu ya kukufuata. Wale wanawake wengine wa kwenye lile rundo, waliotolewa majumbani wakanyamaza, walihamia wapi?"

Sikujua hata walikuwa wangapi.