Kigoda cha Ratemo

...bado, magokoro, bado hajatajwa, Nyanchera alimjibu nyanya yake kwa mara ya tatu, na sauti yake nyingine, ile ya redioni, iliyorekodiwa na kukaushwa na studio ya Nairobi mpaka ikafanana na ya karani wa benki, ikaendelea kueleza habari za vyombo vya angani vya kitabu chake, naye nyanya Bitutu akaitikia kwa kichwa, Kiswahili chake ni kile cha kununulia chumvi sokoni Kebirigo, kinaishia hapo, akapeta wimbi wake, shh, shh, makapi yakiruka, macho ameyakaza kwenye redio kwa adabu kama anayemsikiliza mkwe, na redio yenyewe imekaa juu ya kigoda cha Ratemo, kigoda ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia, "Iweke hapo, mwalimu," nyanya alimwambia Mwalimu Onyancha alipoileta, betri zake zikiwa zimeanikwa juu ya mabati tangu asubuhi zipate nguvu, "iweke kwa Ratemo, anayesema ni binti yake," na Onyancha akaiweka, hakucheka, afadhali angecheka... kwa sababu Ratemo, baba yake Nyanchera, hakuwahi kuzaliwa, ndivyo ilivyo na hakuna fumbo, nyanya alizaa mabinti watatu, mumewe akafa, na nyumba isiyo na mwana wa kiume huzimika kama moto wa wasafiri, basi mabinti walipoolewa nyanya akawachukua ng'ombe wa mahari yao, akaenda kwa miguu yake mwenyewe kumposa Nyamusi, msichana wa watu, akamwoza kwa mwanawe Ratemo, mwana ambaye angemzaa kama Mungu hangepitiwa, wazee wakala, wakanywa, wakakubali, na watoto wa Nyamusi wakawa watoto wa Ratemo, na yule mwanamume aliyekuwa akija jioni na kuondoka hana jina wala kigoda. Huyo hapo Nyamusi, mama yake Nyanchera, anamenya ndizi mlangoni na kumwambia Onyancha, "Mtoto wangu alikuwa bubu mpaka miaka mitatu, sikia sasa," na Onyancha anasema "Kumbe!" huku akichezea waya wa redio, Onyancha anayejua Kiswahili cha vitabu, anayesikia kila neno mara mbili, mara moja likitoka redioni na mara ya pili likitoka kinywani mwa Nyanchera kwa lugha ya nyumbani, likiwa limeoshwa, limepakwa mafuta... "Bi Nyanchera," lilikuwa limesema lile jitu la redio linalomhoji, muda si mrefu, "huu mji wako nyuma ya mwezi, ambamo wanawake huoa wanawake, na watoto hupewa baba ambaye bado hajazaliwa, mawazo ya ajabu namna hii uliyatoa wapi?" naye akacheka, Mungu wangu, kile kicheko, "Kichwani mwangu tu, kule nilikozaliwa mwanamke hajawahi kuota jambo kama hilo, mama zetu wanajua jembe na kuni," na nyanya akauliza, "Hapo unasema nini?" naye akatafsiri, "Nasema wanawake wa huku ni hodari wa jembe," na nyanya akafurahi, akasema, "Kweli hiyo," na Onyancha akakohoa. Mwoga, Nyanchera, wewe uliyesimama Makerere ukawachachafya wanaume wanaowaficha mama zao wageni wakija, wewe uliyemrudishia mhariri barua yake alipokushauri uandike mapishi, ukamwandikia kwamba rubani wako ni mwanamke na atabaki mwanamke hata chombo kikianguka, na ulipofika ukurasa wa jalada ukaandika Nyanchera peke yake, bila Ratemo, kama mbuzi asiye na mwenyewe, ukajiambia jina lile ni uongo wa kijijini, wewe ambaye unakula kwa uongo! Na bwenini je, wasichana walipouliza baba yako anafanya kazi gani, ukamfanya karani wa reli, mwaka uliofuata ukamfanya askari aliyepotea Burma, hadithi zako za kwanza hizo, na zilikuwa mbovu, hazikuwa na hata kigoda ndani yake... wale watu walipotua mwezini, miaka mitano sasa, ulimweleza nyanya hapa hapa, naye akauliza, "Walimkuta nani? Kama hapana mtu, walimsalimia nani?" ukaenda Nairobi ukaliandika, ukurasa wa kwanza, wakalisifu, hukusema ni la nani. "...na mzazi wako wa kiume?" inauliza redio sasa, na Nyanchera jibu analijua, "Baba alifariki nikiwa mchanga," inasema sauti yake, tulivu, hata ina kijihuzuni, na kijihuzuni kile ndicho kinachomchoma, kwa kuwa alikipanga, na sasa hivi tu, wimbi likipetwa, anaona alichofanya, kwamba nyanya alimtunga mtu mmoja kwa ustadi hata asiweze kufa, asiyezaliwa atakufaje, akamchongea kigoda, akamwolea mke, akamlelea watoto, akamweka hai zaidi ya miaka thelathini bila kalamu wala aibu, mpaka mjukuu aliyesoma akapanda basi kwenda kumuua mbele ya taifa zima kwa maneno manne. Onyancha anaangalia dari. "Ratemo ametajwa?" anauliza nyanya, ungo mkononi, na neno "bado" limekwisha kufika mdomoni, tamu, rahisi, Onyancha hatalisema jambo hili popote, betri zenyewe zinaanza kufifia, dakika mbili zaidi na hakuna atakayejua...

"Ametajwa, magokoro. Nimesema amekufa."

Shh, shh, ungo unaendelea, au mkono ndio umezoea, redio inaongea juu ya kigoda, kisu cha mama kimesimama katikati ya ndizi, naye Nyanchera anasogeza mkeka karibu na magoti ya nyanya. "Na lile la jembe," anasema, "sikulitafsiri sawasawa. Nilisema hivi."