Zamu ya Samaki

Chungu kilivunjwa Jumapili, baada ya ibada ya pili, na waliokivunja walikuwa bado na vitabu vya nyimbo kwapani. Wazee wa mfereji, wanaogawa maji kwa zamu, hawakuona haja hata ya kupita nyumbani kwanza. Walipanda hadi bwawani, Mzee Elihuruma akakiinua chungu juu ya kichwa chake, akasema, "Atakayegeuza maji haya nje ya zamu, nyumba yake ipasuke hivi." Akakibwaga juu ya jiwe. Jina la mtu halikutajwa, maana chungu hakitajiwi majina, na hapo ndipo penye balaa.

Tabea aliyaona yote akiwa mlangoni pa kibanda chake cha kazi pale bwawani, na mimba ya miezi sita. Ndiye aliyeajiriwa kufungua na kufunga lango la bwawa. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Na ndani ya kibanda, kwenye msumari, ilining'inia barua ya ofisi ya maji: kuanzia wiki hiyo, kila Alhamisi, saa nne hadi saa sita, maji yaachiwe yateremke mtoni, yasiingie kwenye mfereji wa mtu yeyote, ili mto uliokuwa umekauka kule chini, kuelekea Usa River, upate tena perege na kambale wake.

Yaani maji ya mfereji wapewe samaki, wasio na zamu, na wa kuwapa ni yeye.

"Chungu ni udongo," mumewe Richard alimwambia jioni, akicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwanakwaya mzima unaogopa vigae?" Richard alikuwa fundi pikipiki Ngarenaro, na alijisifu kwamba hajawahi kuogopa kitu tangu azaliwe. Tabea akajibu kwamba hata yeye haogopi. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa hata kukohoa.

Alhamisi alizungusha gurudumu la lango kwa mikono inayoteleza jasho. Maji yakashuka. Saa nane mchana tumbo likakaza, likaachia, likakaza tena. Nesi wa zahanati alimpima, akasema mtoto yuko salama, apumzike tu. Tabea akamshukuru, akatoka, na badala ya kwenda kupumzika akanyoosha kwa Mzee Elihuruma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Baba, naomba mkiondoe kile chungu. Mimi natumwa tu."

Mzee aligeukia shamba lake. Hakuwa mtu mbaya. Kahawa yake ilikuwa imenyauka, na hasira yake ilianzia hapo. "Tutakiondoaje na kimeshavunjwa? Chungu hakisomi barua, mwanangu. Kinaangalia zamu tu."

Maneno hayo yalimtisha Tabea. Lakini hayo hayo ndiyo yaliyompa njia.

"Basi wapeni samaki zamu."

Mzee akaangua kicheko. "Siku zote zina wenyewe. Halafu kila zamu ina nyumba inayoijibia. Samaki wana nyumba gani?"

"Alhamisi asubuhi ni zamu yetu. Waandikeni samaki hapo. Nyumba yangu ndiyo itakayojibu."

Mzee akaacha kucheka. "Unajua unachosema? Saa hizo zikishakuwa za samaki, hata ninyi wenyewe mkigusa maji yale, chungu ni chenu."

"Najua, baba."

Wazee wakakubali, wakaandika kwenye daftari la mfereji, na Tabea akaanza kupata usingizi. Richard aliziba mdomo wa mfereji wao, pale maji yanapopita kuelekea mtoni, kwa gogo la mgomba na tope, akilalamika kila koleo alilotupa. Wiki zikapita. Migomba yao ikaanza kukunja majani.

Alhamisi ya tano, Tabea alipokwisha kufunga lango, aliteremka hadi darajani. Watu walikuwa wameinama wanaangalia kidimbwi. Ndani yake perege wadogo, urefu wa kidole, walikuwa wanageuka pamoja kuelekea maji yanakotoka. Tabea alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Akarudi nyumbani anaimba sauti yake ya kwaya.

Gogo la mgomba lilikuwa limetupwa kando ya mfereji.

Richard, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alisimama shambani na jembe begani, miguu imejaa tope, ameridhika. Mashimo ya migomba yote yalikuwa yamejaa maji. "Nimewaibia samaki wako kidogo," alisema. "Ilikuwa inakufa, Tabea. Ungefanyaje?"

Tabea alikaa chini pale pale kwenye tope, akashika tumbo kwa mikono miwili, akasubiri.

Richard akacheka. Halafu akamwangalia usoni, na kicheko kikamkatikia njiani.

"Limekaza?"

"Bado."

Akatupa jembe. Akakimbilia ndoo, akachota maji ya tope kwenye shimo la kwanza, akakimbia nayo hadi mtoni, akamwaga, akarudi. Shimo la pili likawa limeshanywa nusu. Akachota kwa sufuria, halafu kwa viganja, amepiga magoti, shati lote limeloa.

"Yanarudi, mama, yanarudi yote," alikuwa anasema, na maji mengi yalimvuja kati ya vidole yakaishia shambani.