Miguu ya Fundi Saa Yapata Saba

Jumanne saa tatu asubuhi mpima wa ofisi ya ustawi alivua viatu mlangoni, akaketi, akachonga penseli. Alikuja kupima fundi saa anajitegemea kiasi gani tangu alipoanguka kutoka mnara wa saa akaumia uti wa mgongo. Kila kazi ilikuwa na alama: saba kwa asiyesaidiwa, moja kwa anayefanyiwa yote.

Fundi alitaka moja tu, ya ngazi. Mlango wa nyumba aliyoishi na mama yake ulikuwa na vidato tisa, na aliyepata moja alijengewa mteremko wa kiti cha magurudumu. Miezi kumi na minne hakuwa ametoka nje.

Kula, saba. Kuvaa shati, saba. Kuvaa kaptura na viatu, sita, kwa kuwa alichukua muda. Alipokaza kamba ya mwisho, miguu yake ilijitenga kiunoni kama ilivyozoea, ikashuka kitandani, ikaelekea mlangoni.

"Inakwenda wapi?" mpima aliuliza.

"Matembezi. Hurudi saa sita."

"Tangu utotoni haitulii," alisema mama yake kutoka jikoni. "Nimeichapa mpaka fimbo zikaniishia."

Mpima alisimama dirishani akihesabu. Miguu ilishuka vidato vyote tisa bila kushika ukuta. Akaandika saba.

"Dada, hiyo ni miguu. Mimi niko hapa."

"Miguu ya nani?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Yangu."

"Basi. Kanuni inasema niandike ninachokiona, si ninachoelezwa."

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Wenzio husalitiwa na ndugu, wewe na magoti."

Baada ya wiki tatu ilikuja barua: fundi anajitegemea, mteremko hauhitajiki. Asiyeridhika akate rufaa ofisini, ghorofa ya tatu, na lifti ni mbovu.

Fundi aliandika rufaa kwa mwandiko wake mzuri, akaichomeka kwenye soksi ya kulia. "Nyookeni moja kwa moja," aliiambia miguu kwa upole. "Sokoni hakuna haja. Na kwenye foleni msimkanyage mtu."

Miguu ilipanda mpaka ghorofa ya tatu, ikapanga foleni. Mzee aliyekuwa nyuma yake aliiambia, "Sogea kidogo, ndugu," nayo ikasogea. Karani alichomoa barua, akaisoma yote, akamwambia mwenzake kwamba hoja za fundi zina nguvu. Kisha akaandika chini yake: *Mwombaji afike mwenyewe*. Akagonga muhuri, akairudisha soksini.

Saa sita kamili miguu ilikuwa nyumbani. Fundi alisoma jibu, akampa mama yake asome, akaanza kufungua kamba za viatu. Kwenye visigino kulikuwa na tope jekundu, bichi.

"Kumbe mjini kumenyesha," alisema.

Mama akaleta kitambaa. Fundi akaifuta miguu taratibu, kidole kwa kidole, mpaka ikalala.